Kiti cha Mzee Machuki

Kila asubuhi, kabla ya kufungua duka, Mayaka alikuwa na kazi moja ya kwanza. Alimshika baba yake chini ya kwapa, akamtoa chumbani, akamkalisha kitini nje ya duka. Alimfunika miguu kwa blanketi. Kisha alisimama kidogo, akatazama kama watu wanaopita barabarani wameona.

Watu walikuwa wameona. Mwaka huo ulikuwa wa nne wa Uhuru, na mjini Migori hapakuwa na kiti kingine kama kile. Kilikuwa kiti cha kulalia, cha mbao nyekundu na turubai. Mayaka alikinunua mnadani Kisumu, katika vitu vya Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao. Alikileta juu ya basi, na njia nzima alikuwa akichungulia dirishani asije akakipoteza.

"Baba yangu ametembea vya kutosha," aliwaambia wateja. "Sasa ni zamu yake kukaa."

Ni kweli, mzee alikuwa ametembea. Kwa miaka thelathini Mzee Machuki aliswaga ng'ombe wa wafanyabiashara kutoka mnada wa Ogwedhi hadi Migori, na mara nyingine hadi Kisii. Alijua kila kivuko cha njia ile. Mkewe, Mong'ina, alipofariki, Mayaka alimleta baba yake mjini, akampa chumba nyuma ya duka. Tangu siku hiyo alimkataza kila kazi. Mzee akitaka maji, aliletewa. Akitaka jua, kiti kilisogezwa juani. Akitaka kivuli, kilisogezwa kivulini.

Nani angemlaumu mtoto kama huyo? Hata mimi ningemsifu. Shida ni kwamba miguu haijui sifa.

Aliyeona shida kwanza ni Nyasuguta, mke wa Mayaka. Aliona viatu vya mzee havimwingii tena, kwa sababu miguu ilivimba. Aliona sahani inarudi na ugali nusu. Aliona mzee anasinzia kutwa nzima, halafu usiku anakohoa na kugeukageuka bila usingizi. Na kila jioni, Mayaka alipomwinua, magoti ya mzee yalitetemeka.

Nyasuguta aliogopa. Babu yake mwenyewe alianza hivyo hivyo. Kwanza babu alikaa kitini. Baadaye akalala kitandani, vidonda vikamtoka mgongoni, na mvua ya masika ilipofika wakamzika. Nyasuguta alihesabu moyoni: kiti, kitanda, kaburi. Mzee wao alikuwa kwenye kiti.

Na hakuweza kumsaidia kwa mkono wake. Kwa Wagusii, mke wa mtu na baba mkwe wake huheshimiana kwa mbali. Heshima hiyo huitwa chinsoni. Baba mkwe haingii nyumbani kwa mwanawe. Mke wa mwana haingii anapolala baba mkwe, wala hamgusi. Hata kumwona ameanguka ni aibu kwa wote wawili.

Kwa hiyo Nyasuguta alimjua mzee kwa masikio. Jiko lake na chumba cha mzee vilitenganishwa na ukuta wa mabati. Alipopika, alisikiliza ukuta ule. Alisikia kitanda kikilia, kikohozi, fimbo ikiguswa. Palipokuwa kimya, aliacha mwiko akasikiliza zaidi. Hivyo ndivyo alivyoishi miezi tisa.

Asubuhi moja alimwambia mumewe, "Baba Nyanchoka, mzee anaisha."

"Anazeeka," alisema Mayaka.

"Kuzeeka ni kitu kingine. Alipokuja hapa alikuwa anapasua kuni."

"Unataka baba yangu apasue kuni mjini? Watu waseme Mayaka ana duka lakini baba yake ni kibarua?"

Nyasuguta alirudi jikoni. Mumewe hakuwa mtu mbaya. Lakini alikuwa na masikio mawili, na yote mawili aliyaelekeza kwa watu.

Wiki hiyo hiyo Mayaka alisafiri kwenda Kendu Bay. Binti yao Nyanchoka alisoma shule ya bweni huko, na alihitaji godoro. Mayaka alisema atalala kwa rafiki yake na kurudi kesho. Ilikuwa siku ya mnada, na wanaume wengi wa mtaa walikuwa wamekwenda Ogwedhi. Hata jirani yao Omwenga, fundi wa kushona, alifunga cherehani yake akaenda kutafuta mbuzi.

Saa tano mchana Nyasuguta alikuwa akipepeta maharagwe jikoni. Mzee alikuwa chumbani, kwa sababu hapakuwa na mtu wa kumtoa. Nyasuguta alisikia kitanda kikilia. Akasikia fimbo. Akasikia kishindo, halafu hakusikia kitu.

Ungo ulimponyoka. Alikimbia hadi mlango wa mzee, akasimama kizingitini kama aliyefungwa kamba.

"Tata," aliita. Hilo ndilo neno la Wagusii la baba. "Tata, umeanguka?"

Kimya. Kisha sauti ndogo ikasema, "Usiingie, mokamwana."

Mokamwana ni mke wa mwana. Nyasuguta hakuwahi kulichukia neno hilo mpaka siku ile.

"Umeumia?"

"Sijui. Nilitaka kwenda choo. Miguu imekataa." Alipumua kwa shida. "Usiingie. Nguo zangu haziko sawa."

Nyasuguta aligeuka, akaupa mlango mgongo. Angeingia, angemvunjia mzee heshima yake yote, na yeye mwenyewe angetazamwa vipi na ukoo? Asipoingia, je, mzee akifa pale sakafuni, hatua nne kutoka kwake?

"Tata, ninakwenda kutafuta mtu. Nisemeshe kidogo kwanza nijue una nguvu."

"Nenda tu," alisema mzee. "Mimi siendi popote."

Alikimbia barabarani bila viatu. Duka la kushoto lilikuwa limefungwa. Katika duka la kulia alikuwemo mwanamke mjamzito, asiyeweza kuinua mtu. Akatazama huku na huku. Akamwona mwanamke wa Kijaluo aliyevaa sare nyeupe, akisukuma baiskeli kupanda kilima. Alikuwa Filister, nesi wa kituo cha afya, akirudi kutoka kutazama wagonjwa vijijini.

"Sista, nisaidie," alisema Nyasuguta. "Baba mkwe wangu ameanguka na mimi siwezi kumgusa."

Filister hakuuliza kwa nini. Alikuwa amefanya kazi na Wagusii miaka sita. Aliegemeza baiskeli ukutani, akaingia.

"Jaduong', pole sana," alimwambia mzee, kwa maana hivyo ndivyo Wajaluo wanavyomwita mzee wa heshima. "Mimi ni nesi. Usiamke bado. Kwanza nione mifupa."

Nyasuguta alisikia kila kitu akiwa nje. Alisikia Filister akisema, chezesha vidole vya mguu. Sasa kunja goti. Nyonga inauma? Haiumi? Vizuri. Sasa geuka kwa ubavu, pole pole. Weka mkono chini. Hatuna haraka.

Iliwachukua muda mrefu. Mwishowe kitanda kililia, na Nyasuguta naye akakaa chini mavumbini akalia.

Filister alipotoka alimkuta hapo hapo. "Mama, hajavunjika," alisema. "Lakini miguu yake imekwisha nguvu kabisa. Bwana yako akirudi, mlete mzee kituoni. Si wiki ijayo. Kesho."

Mayaka alirudi kesho yake adhuhuri, akasikia habari. Aliazima pikapu ya jirani, wakaenda.

Kituoni, msaidizi wa daktari alimpima mzee moyo na mapafu. Alipima mkojo. Alibonyeza miguu iliyovimba. Kisha Filister akawaita ndani, mzee na mwanawe. Nyasuguta alikaa kwenye benchi nje ya mlango, mahali pake pa kawaida, akisikiliza.

"Moyo unapiga sawa," alisema Filister. "Mkojo ni safi. Tumepima kwanza, kwa sababu miguu kuvimba inaweza kuwa ni ugonjwa wa moyo ama wa figo. Kwa mzee, si hiyo."

"Basi ni ugonjwa gani?" aliuliza Mayaka.

"Jirani zenu wameniambia juu ya kiti."

"Kiti kimefanya nini?" Mayaka alikasirika. "Kile kiti nilinunua kwa heshima."

"Najua. Hata kwetu tunafanya hivyo. Baba akizeeka tunamwambia kaa, tunaona tumemheshimu." Filister alivuta kigoda akakaa mbele ya mzee. "Sikia. Damu inashuka miguuni bila shida. Kazi ni kupanda tena. Mtu akitembea, misuli ya mguu inabana na kuachia, inasukuma damu juu. Akikaa siku nzima, damu inachelewa chini na maji yanajaa miguuni. Tena misuli isipofanya kazi inapungua. Kijana akilala mwezi mmoja, nguvu zinarudi haraka. Mzee zinarudi pole pole, na asipoanza mapema, atabaki kitandani."

Huko nje, Nyasuguta alishika ukingo wa benchi. Alilijua neno linalofuata kitanda.

"Lakini yeye ni mzee," alisema Mayaka. "Mzee anapumzika."

Filister alimgeukia mzee. "Jaduong', nasikia ulikuwa unaswaga ng'ombe kutoka Ogwedhi. Hebu nifundishe. Ng'ombe akichoka njiani akalala, unafanya nini?"

Mzee Machuki aliinua kichwa. Kiswahili chake kilikuwa cha njiani, cha waswaga ng'ombe, lakini kilimtosha.

"Huyo usiache alale," alisema. "Ukiacha mpaka jua inazama, huyo ni ya fisi. Unainua yeye pole pole. Unatembeza kidogo, unasimama. Unatembeza tena kidogo."

"Hata kama amechoka?"

"Amechoka, ndiyo. Lakini akilala sana, miguu inasahau kazi yake."

Mzee alitazama miguu yake mwenyewe, iliyojaa ndani ya malapa. Alipoongea tena, aliongea kwa Kigusii, na alimwambia mwanawe.

"Na mimi, Mayaka, nimelala tangu mwezi gani?"

Mayaka alitazama sakafu.

Filister alieleza yote pole pole, na Mayaka aliyarudia ili yasipotee. Waanze na hatua chache, zile mzee anazoweza bila kuhema. Kila siku, wala si mara moja kwa wiki. Asubuhi, jua likiwa bado pole. Avae viatu vinavyoshika mguu, kwa sababu malapa huteleza. Fimbo aishike. Maji anywe. Akikaa, akae kwenye kiti kigumu ambacho atainuka mwenyewe, na ainuke na kukaa mara tano asubuhi, mara tano jioni, mpaka zifike kumi.

"Magoti yatauma kidogo mwanzoni," alisema Filister. "Hiyo isiwatishe. Mpunguze hatua, lakini msiache. Lakini kifua kikimbana, au akikosa pumzi, au kizunguzungu kikimshika, au mguu mmoja peke yake ukivimba na kuuma, simama hapo hapo, mlete kwangu."

"Na akianguka tena?"

"Mtu anayetembea kila siku anaanguka mara chache kuliko anayekaa. Na akianguka, ana nguvu za kuinuka. Nitamfundisha namna ya kuinuka."

Mayaka alijikuna kidevu. "Watu wataniona ninamtembeza baba yangu barabarani kama mbuzi wa mnada."

"Tembea naye," alisema Filister. "Duka litangoja nusu saa. Heshima si utumwa."

Siku ya kwanza mzee alifika kwenye ua wa michongoma, hatua ishirini, akarudi jasho likimtoka. Siku ya tatu alifika kwenye cherehani ya Omwenga. Omwenga alikuwa mtu wa maneno. Alitoa sindano mdomoni akasema, "Mtembezi hula miguu yake, mzee."

"Mimi yangu imenona," alisema mzee. "Nimeinenepesha miezi tisa."

Hilo lilikuwa jibu zuri, lakini Mayaka hakucheka. Alisikia wanawake wawili dukani wakinong'ona. Mmoja alisema Mayaka amemchoka baba yake. Mwingine alisema ni duka, duka limemharibu. Mayaka alipima sukari yao akiwa na uso mweusi.

Siku ya kumi magoti ya mzee yaliuma sana. Asubuhi ya kumi na moja Mayaka hakumtembeza. Alimkalisha kwenye kiti cha turubai, akamfunika blanketi.

"Leo apumzike," alisema.

"Sista alisema tupunguze, tusiache," alisema Nyasuguta.

"Sista si baba yake."

Siku ya kumi na mbili ikawa vile vile. Ya kumi na tatu pia. Mzee alianza kusinzia tena mchana. Sahani ilirudi na ugali nusu. Nyasuguta alisimama jikoni akisikiliza ukuta, na hofu yake yote ya zamani ikarudi. Aliona wazi mambo yatakavyokwenda. Leo magoti, kesho mvua, kesho kutwa wateja wengi, na mzee angebaki kitini mpaka siku ya kuhamia kitandani.

Alasiri hiyo Mayaka alikwenda kununua mafuta ya taa. Mzee alikuwa ameingia chumbani kujinyosha. Kiti kilibaki peke yake nje. Nyasuguta alichukua wembe wa kukatia kucha. Moyo ulimdunda kama wa mwizi. Alipitisha wembe kwenye turubai, kutoka juu hadi chini. Lilichanika kwa sauti kubwa kuliko alivyodhani.

Alitulia. Ndani, nyuma ya mabati, fimbo iligonga sakafu mara moja.

"Mokamwana," iliita sauti ya mzee. "Ni nini hicho kimechanika?"

Nyasuguta hakuwahi kumdanganya mzee. "Ni kiti, tata."

Fimbo iligonga sakafu tena.

"Kilikuwa cha zamani," alisema mzee. "Mzungu mwenyewe alikichoka."

Mayaka aliporudi alishika kichwa. Nyasuguta alimwambia atakipeleka kwa Omwenga kikashonwe. Basi kikapelekwa. Na fundi wa kushona, kama mnavyowajua, akisema kesho, mhesabu mwezi. Omwenga alisema kesho siku arobaini.

Kilichobaki nyumbani kilikuwa kigoda kigumu kisicho na mgongo. Hakuna mtu anayesinzia juu ya kigoda. Asubuhi iliyofuata mzee alijiinua mwenyewe, akiwa amejishika kwenye mlango, akamwambia mwanawe, "Twende. Hatua kumi tu, kama ng'ombe mgonjwa."

Walikwenda hatua kumi. Kesho yake kumi na tano. Magoti yaliuma, wakapumzika njiani, wakaendelea. Nyasuguta alipasha maji, akaacha kitambaa cha moto mlangoni, mzee akajikanda mwenyewe. Baada ya wiki mbili maumivu yalipungua. Wakafika kwenye mashine ya kusaga. Mvua iliponyesha, walitembea kwenye baraza ya maduka, kwenda na kurudi, mpaka wenye maduka wakazoea kuwapisha.

Mambo madogo yalianza kubadilika. Viatu vya kamba vilimwingia mzee, kwanza bila kufungwa, kisha vikafungwa. Sahani ilirudi tupu. Usiku alilala. Alianza kuuliza habari za mvua na bei ya ng'ombe. Mayaka naye, aliyekuwa na tumbo la duka, alikaza mkanda tundu moja ndani, ingawa hakutaka kusema sababu.

Mwezi wa tatu mzee alisema anaweza kutembea peke yake, mwanawe abaki dukani. Alikuwa na shauku moja. Siku ya mnada, waswaga ng'ombe wa Ogwedhi hupita darajani. Alitaka kufika darajani awaone.

Mayaka alikubali. Nyasuguta hakukubali moyoni, lakini hakuombwa ruhusa. Kutembea naye bega kwa bega asingeweza. Kwa hiyo alitafuta dawa yake. Kila mzee alipotoka, yeye alijitwika debe kichwani kama anayekwenda kusagisha, akamfuata nyuma hatua hamsini. Mzee akisimama, naye anasimama kutazama maua ya njiani. Mzee alijua. Siku moja alisema kwa sauti, bila kugeuka, kwamba mahindi ya nyumba ile hayaishi kusagwa.

Alifika darajani mara ya kwanza, akaona ng'ombe, akasalimiana na waswaga wawili waliomjua. Alirudi akitabasamu. Alifika mara ya pili.

Mara ya tatu, alipokuwa akirudi, jua lilikuwa limepanda na barabara haikuwa na mtu. Upande mmoja palikuwa na shamba la mahindi, upande wa pili kichaka. Husemwa kwamba mwenda pole hajikwai. Mzee alikuwa anakwenda pole. Lakini kokoto hazisikilizi methali. Fimbo iliteleza, mguu ukafuata, na mzee akaanguka ubavu.

Nyasuguta aliona. Debe lilimtoka kichwani. Alikimbia hatua arobaini, na zilipobaki kumi, miguu yake ilisimama yenyewe. Ilikuwa siku ile ile imerudi. Yeye, mzee chini, na hakuna mtu. Kituo cha afya kilikuwa mbali, na Filister hakuwa njiani.

"Tata," alisema.

"Geuka, mokamwana," alisema mzee.

Aligeuka. Aliyatazama mahindi bila kuyaona. Alikuwa na masikio tu, kama miezi yote ile ya jikoni. Alisikia pumzi. Alisikia kokoto zikisagika chini ya kiganja. Mzee alijisemea kidogo kidogo, "Ubavu kwanza. Mkono. Sasa goti." Kisha kimya. Nyasuguta alifumba macho, akahesabu bila kutaka: kiti, kitanda. Hakumaliza. Fimbo iligonga ardhi. Pumzi moja kubwa ikatoka. Ikafuata sauti ya kiatu, na kiatu kingine.

Mzee alikuwa akijipangusa vumbi.

"Mokamwana, umeona nini?"

Machozi yalikuwa yakimshuka Nyasuguta, lakini alijibu kama inavyopasa. "Nimeona mahindi, tata."

"Yako namna gani?"

"Yamesimama."

"Basi okota debe lako," alisema mzee. "Twende nyumbani. Nina njaa."

Alitangulia. Kiwiko kilikuwa kimechubuka kidogo, na jioni Mayaka alikisafisha kwa maji na sabuni. Alipouliza kimetokea nini, baba yake alisema ni kokoto, akaomba ugali zaidi.

Kiti cha turubai kilirudi kutoka kwa Omwenga mwishowe, kimeshonwa vizuri. Mayaka alikiweka ndani ya duka kwa wateja wanaongoja. Lakini hakuna anayekaa sana, kwa sababu mzee akimkuta mtu humo humwuliza amechoka kwa kazi gani.

Jioni ile ya kokoto, Nyasuguta alisonga ugali. Moto uliwaka, mvuke ukapanda. Alikuwa amekwisha kupakua sahani zote ndipo alipokumbuka kwamba hakuusikiliza ukuta hata mara moja.